Detekta ya sarafu ya bei ya kati: jua kwanza utaitembeza kwenye mchanga gani

Mara ya kwanza nilipowasha detekta yangu, ile mashine ya kutafutia sarafu na vyuma ardhini, pale ufuoni ilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaamka, na pale chini hapakuwa na chuma hata chembe. Ilikuwa hapa hapa Malindi, upande wa Silversands, maji yamekupwa, mchanga bado una unyevu. Nikipanda juu kwenye mchanga mkavu inatulia vizuri, inanionyesha mpaka kizibo cha soda, nikishuka tu kwenye unyevu inaanza tena kulia kama mtoto aliyenyang'anywa mahamri. Yule aliyeniuzia alikuwa ameniambia kwenye simu "hii inashika kila kitu" na walahi hakudanganya, ilishika mpaka chumvi.

Tangu hapo watu huniuliza ninunue gani, na wengi wanauliza vibaya, wanataka jina la brandi. Mi nawaambia niambie kwanza utatembea wapi, jina litakuja lenyewe.

Hatua ya 1: pima ardhi yako

Ukanda wetu huu una ardhi za aina tatu na kila moja ina tabia zake. Mchanga mkavu wa juu, na ile ardhi ya mawe ya matumbawe na chokaa kama ya Lamu mjini na Shela, hizi ni pole sana, karibu mashine yoyote itafanya kazi. Halafu kuna mchanga wa maji ya chumvi, pale bahari inapanda na kushuka, huu ndio unaotoa watu machozi. Ya tatu ni ardhi yenye madini ya chuma ndani yake, yaani udongo mwekundu ukielekea Marafa, na ule mchanga mweusi mzito utauona umejipanga mistari mistari upande wa Mambrui baada ya wimbi kurudi. Chukua sumaku ya spika mbovu uifunge kwenye mfuko wa plastiki uipitishe kwenye huo mchanga mweusi utaona inavyotoka na ndevu. Detekta inaziona hizo ndevu zote.

Sababu ni hii, na ukiielewa hutadanganywa dukani. Detekta haioni chuma chenyewe. Ile sahani ya chini, koili, inatoa nguvu ya sumaku inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, mashine ya 8 kHz ni mara 8,000, ya 15 kHz ni mara 15,000, hio ndio frikwensi yake. Chuma cha aina yoyote kikiguswa na nguvu hio kinapata umeme mdogo ndani yake na umeme huo unarudisha sumaku yake, hio ndio mashine inasikia. Sasa maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, kwa hivyo ufuo mzima ulioloa unajibu kama bati moja kubwa. Mashine ya frikwensi moja ina sikio moja tu, haijui hili jibu ni la chumvi ama ni la sarafu. Ya frikwensi nyingi kwa wakati mmoja inalinganisha majibu kadhaa halafu inaitoa chumvi. Ndio tofauti yote hio, na ndio unalipia.

Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa ufuoni usijibane, nenda frikwensi nyingi. Kama ni mtu wa shamba na viwanja vya zamani frikwensi moja inatosha kabisa, ila iwe na uwezo wa kusawazishwa na udongo kwa mkono (yaani unaifundisha kunyamazia madini ya udongo wa pale), sio ile iliyofungwa kiwandani.

Hatua ya 2: sheria, kabla hujatoa pesa

Najua hapa wengi wataruka, msiruke. Kenya tuna sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kinahesabiwa ni cha kale, huwezi kwenda kukitafuta kwa kuchimba bila leseni, na ukikiokota kwa bahati unatakiwa uwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7 uwaambie na mahali hasa ulipokipata. Kwenye magofu ya Gede usisogee na mashine, wala ya Takwa, wala ya Shanga, wala kwenye makaburi ya nguzo. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, Gede imeingia 2024, na misitu mitakatifu ya kaya ya Wamijikenda tangu 2008, na kwenye kaya hata bila UNESCO wazee wenyewe watakushughulikia. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu nazo ni za KWS, shirika la wanyamapori, humo hutoi hata kombe.

Mtu atasema basi kumebaki nini. Kumebaki kingi. Fuo za watu wote, mashamba ya watu ukiomba ruhusa, pete za wageni, hela za mkoloni za baada ya 1895, yale masenti kumi makubwa ya tundu ambayo babu zetu walikuwa wakiyatunga kwenye kamba.

Na sio uchoyo wa serikali. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale wa Kenya na China walipata sarafu ya mfalme Yongle pale Mambrui, ina tundu la mraba katikati, huyo alitawala China mwanzo wa miaka ya 1400. Na 2013 ikatoka nyingine Manda. Sarafu yenyewe ukiiona ni shaba iliyochakaa, pengine hungeinama kuiokota. Uzito wake ni kwamba ilitolewa kwa mpango, ikajulikana ilikaa tabaka gani na pamoja na vigae gani. Ingetolewa na mtu na beleshi usiku ingekuwa kipande cha shaba tu cha kuning'iniza kwenye funguo.

Mi mwenyewe yalinikuta. Mama mmoja kule mbele ya Mambrui alipoteza bangili ya fedha akipanda mihogo, akaniita. Bangili hatukuipata siku hio, ila kwenye tuta la tatu mashine ikatoa namba ya juu safi, ile ya shaba na fedha, sauti haitetemeki, nikafukua kama shubiri moja hivi likatoka duara la kijani. Kwa ujinga wangu nikalipangusa na kidole, mchanga ukalikwaruza, alama ile ipo mpaka kesho. Upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani. Pesa ya mizani ya Sultan Barghash, 1299 ya Hijria, yaani 1882 hivi. Hio ni kabla ya 1895, hakuna mjadala, nikapiga picha tuta lenyewe na mnazi wa karibu, nikaifunga kwenye kitambaa nikaipeleka makumbusho hapo mjini. Kwa hivyo ukitoa kitu cha kijani usipanguse, usisugue na limau, usitie siki. Kiache na uchafu wake.

(Bangili tuliipata wiki iliofuata. Ilikuwa jikoni.)

Hatua ya 3: bajeti, na usiimalize yote kwenye mashine

Bei ya kati ninayoizungumzia ni kama dola 250 mpaka 700, kwa kiwango cha shilingi 130 hivi kwa dola ni elfu 32 mpaka elfu 90. Lakini hio ni bei ya huko inakouzwa, ukiagiza kuna usafiri, kuna ushuru, na kuna VAT ya asilimia 16 inayopigwa juu ya vyote hivyo, kwa hivyo mashine ya elfu 50 isikukute na elfu 50 kamili mfukoni ukalia bandarini.

Halafu weka akiba ya vitu vitatu. Cha kwanza ni beleshi la matundu la ufuoni, hili usiagize nje, mpelekee fundi wa kuchomelea kipande cha chuma kisichoshika kutu, mwambie matundu yawe kama sentimita moja, madogo zaidi ya hapo mchanga wenye maji hautoki na makubwa zaidi pete inapita ikaenda zake. Langu nilitozwa 3,500 na mpini wa mti nikatia mwenyewe. Cha pili ni pinpointa, kile kijiti cha kuingiza ndani ya shimo kitakachokuonyesha sarafu iko ubavu gani, bila hicho utachimba kaburi kwa ajili ya senti tano. Cha tatu hedifoni, na ufuo wenye upepo wa kusi hutasikia mlio mdogo bila hizo, isitoshe zinakuepusha na kundi la watoto wanaokufuata wakiuliza "ami, unatafuta bomu?"

Hatua ya 4: maji yanaingia wapi

Hapa watu huliwa sana. Tangazo linasema "haiingii maji" kumbe ni koili peke yake, lile boksi la juu lenye skrini likirushiwa wimbi moja limekufa. Uliza swali hili kwa maneno haya haya: boksi la skrini linaingia maji mita ngapi? Garrett ACE 300 na ACE 400, koili inaloa lakini boksi hapana. Minelab Vanquish 440 na 540, koili inaenda mpaka mita moja, boksi hapana. Nokta Simplex nzima inazama, mita 3 kwa zile za kwanza na 5 kwa zilizofuata. Nokta Legend inazama. Minelab Equinox 700 na X-Terra Pro zinazama mita 5. Garrett AT Pro inazama mita 3.

Kama utatembea ukingoni tu miguu ikiloa basi boksi kavu linavumilika, livalishe kava. Kama unataka kuingia mpaka kiunoni kutafuta pete za wanaoogelea, usijaribu kubahatisha.

Hatua ya 5: sasa majina

Nikiwekwa kwenye kona niseme, nitasema hivi.

Mtu wa shamba na viwanja, mfuko mwepesi: ACE 300 (8 kHz) ni rahisi kujifunza, mtoto wa darasa la sita ataiendesha, ila husawazishi udongo na ufuo ulioloa itakutesa, nina uhakika maana ndio iliyonitesa mimi. Kwa pesa zinazokaribiana na hizo Simplex inakupa kusawazisha udongo, inazama majini, na betri yake ni ya kuchaji. Nayo ni ya frikwensi moja kwa hivyo kwenye chumvi utaiweka setingi ya ufuo, utapunguza ukali (yaani usikivu wake), utapoteza kina kidogo, lakini itafanya kazi. Kwa mtu wa mchanganyiko asiye na pesa nyingi mi naona hapo ndipo penye faida.

Mtu wa ufuoni asiyezama: Vanquish 440 ama 540. Frikwensi nyingi, nyepesi, unaiwasha unatembea, inajisawazisha yenyewe, mchanga wa maji inanyamaza kimya mpaka unadhani imezima. Hizi 2 nazipenda kwa mtu anayeanza kwa sababu hazina mambo mengi, wale wanaopenda kubonyezabonyeza watachoka nazo haraka.

Mtu wa ufuoni anayezama na ana elfu 65 kwenda juu: Legend ama Equinox 700. Kati ya hizo mbili chagua ile iliyo na mtu karibu yako anayeitengeneza ama anayeuza koili yake, zote ni nzuri, mabishano ya nani zaidi waachie watu wasiotoka nje.

Kuna pia zile zinazotuma nguvu yake kwa mapigo, PI (pulse induction), hizi zinatembea kwenye mchanga mweusi na chumvi bila wasiwasi wowote, lakini msumari kwake na pete ni ndugu, hazichuji vizuri, utachimba kila kitu. Sio za kuanzia.

Hatua ya 6: koili

Koili ya inchi 11 aina ya DD (ndani ina nyaya mbili zilizozungushwa kwa umbo la D) ndio ya kati na kati, inatosha mambo mengi. Kubwa zaidi inaona chini zaidi kwa vitu vikubwa lakini vitu viwili vikikaribiana inaviona kimoja. Na hapa watu wa Lamu nisikilizeni vizuri, ukienda karibu na mahali palipokuwa pakiundwa majahazi, kama Matondoni, ardhi imejaa misumari ya miaka na miaka. Sarafu ikiwa imelala kati ya misumari miwili koili kubwa itasikia misumari tu na sarafu itaikosa. Pale unataka koili ndogo, inchi 6 mpaka 9, na mashine inayokuwa tayari haraka kusikia kitu kingine baada ya mlio mmoja. Kwa hivyo kabla hujanunua angalia kama modeli hio inauziwa koili ndogo kando, nyingine hazina na wewe utakuwa umefungwa na sahani moja maisha.

Hatua ya 7: namba na sauti, na kosa la kuchuja sana

Kila mashine ina namba kwenye skrini, chini ni chuma cha msumari, juu ni shaba na fedha. Usizikariri kutoka video ya mtu mwenye brandi nyingine, Vanquish 440 na 540 zinaishia 40, Simplex na ACE zinafika 99, kwa hivyo 38 ya huyu sio 38 ya yule. Jitengenezee orodha yako kwa sarafu zako mwenyewe. Na ukijaribu shilingi moja ya sasa usishangae ikisomeka vibaya, iguse na sumaku itanasa, ni chuma kilichopakwa nikeli.

Kosa kubwa ni hili. Dhahabu haikai juu. Pete nyembamba ya dhahabu inasoma pale pale panaposoma karatasi ya fedha ya sigara na kile kipini cha kopo la soda. Ukichoka na takataka ukaamua kuzima namba hizo zote, umezima na pete. Mtu anayetafuta sarafu za shaba tu anaweza kuzima, mtu wa pete achimbe takataka, hakuna njia ya katikati na anayekuuzia mashine "inayotambua dhahabu peke yake" mkimbie.

Na tukiwa hapo hapo, ziko zile fimbo mbili za antena zinazouzwa ghali kuliko Equinox, ati unasimama Witu zinakuonyesha dhahabu iliyo kilomita mbili, ati hela ya Mjerumani. Wajerumani kweli walikuwa Witu, 1885 mpaka 1890, lakini fimbo zile hazina kitu ndani, ni mkono wako unaoziyumbisha bila kujua. Detekta ya kweli ya bei hii sarafu moja inaiona shubiri moja, ukibahatika moja na nusu. Anayekuambia mita tatu anazungumzia pipa, sio sarafu.

Hatua ya 8: ukinunua iliyotumika

Fungua mahali pa betri, ukiona ukijani na unga mweupe kwenye vyuma, ilikunywa bahari, rudi nyumbani. Iwashe halafu utikise waya pale unapoingia kwenye koili, ikilia bila chuma kuwa karibu huo waya umekatika ndani. Tembeza mkono wako ukiwa huna pete wala saa juu ya koili, inyamaze. Halafu ibebe dakika 20 nzima mbele ya muuzaji ukiipunga kulia na kushoto, atakucheka, mwache acheke, gramu 1,300 dukani sio gramu 1,300 saa nne asubuhi juani.

Na ukishakuwa nayo usiende nayo kila mahali. Bara ya Lamu upande wa msitu wa Boni kuna operesheni ya usalama tangu 2015, mtu akionekana porini na hedifoni na fimbo yenye sahani anapapasa ardhi, hakuna askari atakayesubiri umweleze habari ya senti kumi za tundu.

Hatua ya 9: siku ya kwanza, kabla waranti haijapoa

Subiri bamvua, maji yakikupwa mpaka mwisho. Beba kitu 3: sarafu ya shaba ya zamani, pete hata ya kuazima (ifunge uzi mrefu, tafadhali), na msumari. Anza juu kwenye mkavu, vifukie kila kimoja kwa kina cha kidole, pitisha, sikiliza, andika namba. Halafu vihamishie kwenye mchanga ulioloa, halafu pale pale wimbi linapogusa na kurudi. Namba zikiyumba kidogo ni kawaida. Ikianza kulia yenyewe bila kitu, punguza ukali hatua kwa hatua mpaka inyamaze, kisha pitisha tena juu ya pete. Kama imenyamaza na pete bado inasikika kwenye urefu wa kidole, una mashine. Kama kuinyamazisha kumeiua na pete yenyewe, ioshe na maji baridi ya bomba, ikaushe, irudishe kwenye boksi lake na karatasi zake zote, na mpigie muuzaji siku hio hio kabla hajaanza kukuambia ulichelewa.